Wimbo wa Mwisho wa Upande B

"Rudisha tena," Ambokile alisema.

Cédric alibonyeza kitufe. Utepe ulirudi nyuma kwa mlio wa panya aliyebanwa mlangoni, kisha ukasimama. Ilikuwa mara ya tisa tangu duka lifunguliwe.

"Mzee, wateja watakimbia. Watasema Cédric iko na shetani ndani ya duka."

"Wateja gani?"

Cédric alitazama kaunta yake ya simu mbovu, akatazama mlango. Nje, barabara ya Point ilikuwa na upepo na mchanga tu.

"Eish. Ndo vile mi nasema. Walisha kimbia."

Muziki ukaanza. Magitaa mazito yaliingia kama jenereta linalozama kwenye matope. Ngoma zikafuata, nyingi, kwa kasi ya mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Kisha ikaja sauti. Haikuwa ya kuimba. Ilinguruma kutoka chini ya tumbo, neno likamezwa kabla halijafika mdomoni. Muziki huo ulikuwa death metal ya kizamani, na watu wa Durban walioujua walitosha kukaa kwenye benchi moja.

Ambokile alisikiliza huku kidole chake kikigonga kaunta. Mbele yake ilikuwa karatasi iliyotoka ndani ya ganda la kaseti, imekunjwa mara nne, yenye maneno ya nyimbo zote.

Aliwahi kuwa sajini wa upelelezi Mbeya kwa miaka kumi na minne. Hapa Durban hakuwa na cheo wala ofisi. Waliopotelewa na ndugu na kuogopa kituo cha polisi walimfuata yeye. Wa safari hii alikuwa Libérate, mshonaji wa Kirundi wa Overport. Mwanawe wa pekee, Alain Nimbona, hakuonekana tena tangu mafuriko ya Aprili 2022. Mwili haukupatikana. Miaka mitatu mama alikaa hivyo, bila kaburi na bila mtoto.

Kisha, wiki mbili zilizopita, alipokea kifurushi chenye muhuri wa Cape Town. Ndani yake mlikuwa na kaseti hii. Bendi: Funza. Albamu: *Nyama ya Udongo*. Nakala ya kwanza kati ya hamsini, namba imeandikwa kwa mkono. Sauti na maneno: Alain Nimbona. Na wimbo wa mwisho wa upande B uliitwa "Aprili", ukisimulia mafuriko.

"Mufu haimbi juu ya kufa kwake," Libérate alimwambia Ambokile siku ile. "Mwanangu yuko hai. Nitafutie."

Lakini kesho, Jumapili, ukoo wa baba yake Alain kule Bujumbura ulikuwa umepanga kuganduka: kunyoa nywele, kumaliza matanga, mtu asimame aeleze marehemu alivyokufa, na kuanzia hapo Alain ahesabiwe miongoni mwa wafu. Libérate alikuwa amemwomba shemeji yake asubiri jibu la Ambokile hadi Jumamosi jioni. Jumamosi ndiyo leo.

"Zima," Ambokile alisema.

Cédric alibonyeza kitufe.

"Cédric, wewe uliwatengenezea vipaza sauti vyao. Niambie tena. Ile sauti ni ya Alain?"

"Ya Alain, kabisa. Donc, sikia. Wengine wa muziki hii wanasukuma pumzi inje. Alain alikuwa anavuta pumzi ndani. Anaimba kama mutu mwenye iko anazama. Mu Durban yote alikuwa peke yake."

"Na wimbo wa mwisho?"

"Anavuta ndani. Ni yeye."

Ushahidi ulikuwa upande wa mama, basi. Sauti ni ya Alain, maneno ni ya mafuriko. Palibaki Cape Town tu, na Cape Town Ambokile alikuwa ameshaimaliza kwa simu. Aliyetoa zile kaseti hamsini hakuwahi kumwona mtu yeyote wa Funza. Nyimbo zilimfikia kwa mtandao. Ombi pekee la mtumaji lilikuwa kwamba nakala ya kwanza ipelekwe kwa mama yake Alain, Overport, na anwani ikaandikwa. Cape Town ilikuwa sanduku la posta tu.

Ambokile alisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Soma huu wa kwanza. Usome kwa sauti."

Cédric alisoma. Yalikuwa maneno ya Kirundi na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura: funza na mifupa na usaha, yamemwagwa kama maji ya karai. Mstari mmoja mrefu, mwingine neno moja.

"Sasa huu wa mwisho."

Cédric alisafisha koo.

*Maji yalipotufika, chumbani tuli wawili,*
*Mlango ukavunjika, ukuta nao wa pili,*
*Mkono nikaushika, maji yakavuta mwili,*
*Nikaachia mkono, nikapanda peke yangu.*

"Umesikia nini?" Ambokile aliuliza.

"Huzuni."

"Huzuni weka pembeni. Hesabu." Aligonga kaunta kwa kidole. "Ma-ji-ya-li-po-tu-fi-ka. Nane. Chu-mba-ni-tu-li-wa-wi-li. Nane. Kila mstari nane kwa nane, na vina vimekaa. Hilo ni shairi, bwana. Mimi nilipeleka mashairi gazetini miaka sita, najua jasho la kusawazisha mstari mmoja. Aliyeandika nyimbo nyingine zote hapa hajawahi kuhesabu hata vidole vyake. Alain alisoma Bujumbura, kwa Kifaransa. Mizani angeitoa wapi?"

"Anaweza kujifunza."

"Anaweza. Sasa piga tena, usisikilize maneno. Sikiliza pumzi."

Sauti ilinguruma. Ambokile aligonga kila silabi aliyoisikia, hata isiyotambulika. Tano, pumzi. Kumi na moja, pumzi. Tatu, pumzi. Hapakuwa na nane hata moja.

Cédric alikunja uso. "Haifanane."

"Haifanani. Karatasi inasema jambo moja na koo linasema jingine. Kwenye muziki ambao hakuna anayesikia neno, unaweza kuandika lolote chini ya sauti yoyote. Mama alisoma huku akisikiliza, akasikia alichosoma. Sasa upande A. Kuna mahali Alain anakohoa."

"Wimbo ya tatu."

"Na kwenye huu wa mwisho, katikati?"

Cédric alitoa simu, akafungua saa ya kuhesabia sekunde. Walifanya kazi bila kusemezana. Wimbo wa tatu wa upande A: sauti ilidumu sekunde mia na sitini, kikohozi kwenye sekunde ya sabini na mbili. Wimbo wa mwisho wa upande B: sekunde mia mbili, kikohozi kwenye ya tisini.

Ambokile aliandika pembeni ya karatasi. Kila sekunde nne zilikuwa zimegeuka tano, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ni sauti ileile," Cédric alisema polepole. "Wamepunguza mwendo. Magitaa ni mapya, lakini sauti ni ya zamani."

"Sauti ya kabla ya mafuriko, maneno ya baada ya mafuriko. Alain hajaimba kitu tangu Aprili ile." Ambokile alikunja karatasi. "Kila kitu cha bendi kilikuwa kwenye chumba cha nyuma ya gereji, kando ya mto Umgeni?"

"Yote. Ngoma, vipaza sauti, mashine ya kurekodi. Maji ilibeba hata ukuta."

"Na nakala nyingine ya rekodi ilikuwepo?"

"Hapana. Alain hakutaka kompyuta. Alisema muziki ya zamani inakaa ndani ya utepe. Ilikuwa ndani ya mashine tu."

Ambokile alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka.

"Basi niambie. Kama maji yalibeba kila kitu, hii kaseti imetoka wapi?"

Cédric alitoa kaseti kwenye mashine, akaigeuza mkononi.

"Kwenye bendi, nani alisoma Tanzania?" Ambokile aliuliza.

"Vénérand," Cédric alisema. "Wa gitaa. Alikomalia Ulyankulu tangu mutoto, mu kambi ya wakimbizi kule Tabora."

*

Vénérand alikuwa kazini Morningside, akilinda magari kwenye maegesho ya mgahawa. Kizibao chake cha kung'aa kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Alipomwona Ambokile alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Hapa tunakula saa tisa."

"Ulyankulu ulifika darasa la ngapi?"

"Kidato cha pili. Kwa nini, mzee?"

"Mwalimu wa Kiswahili aliwafundisha vina na mizani?"

Vénérand alicheka. "Alitufundisha? Alituchapa navyo. Ukikosa mizani moja, fimbo moja."

"Alikuchapa vizuri. Hakuna hata moja uliyokosa."

Aliikunjua karatasi. Kicheko kilibaki usoni pa Vénérand muda mfupi, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima.

"Hayo ni ya Alain. Jina lake lipo hapo."

"Siku ya mafuriko ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilimwambia mama yake tangu zamani. Nilikuwa zamu."

"Hapa palifungwa saa tisa mchana, umeme ulikatika. Nimeoneshwa daftari la zamu kabla sijaja kwako. Siku ile huna sahihi ya kutoka. Huna hata ya kuingia."

Gari jeupe liliwasha taa za nyuma. Vénérand alikimbia, akasimama nyuma yake, akalielekeza kwa mkono: njoo, njoo, kata, simama. Dereva aliondoka bila kumtazama. Vénérand alibaki palepale katikati ya maegesho, mkono bado uko juu. Ambokile alimfuata.

"Mashine ya kurekodi ilikuwa chumbani. Chumba kilisombwa. Mashine ilipona vipi?"

"Niliitoa."

"Siku ile?"

"Siku ile."

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Mzee..."

"Chumbani tuli wawili. Hayo ni maneno yako, sijayatunga mimi. Nani na nani?"

Vénérand alikaa kwenye ukingo wa barabara. Kofia aliikunja, akaikunjua.

"Maji yaliingia kwa nyuma," alisema. "Hatukusikia, tulikuwa tumefungulia vipaza sauti. Umeme ulipozimika ndipo tukasikia mto. Mlango ukaja wenyewe, mzima mzima. Alain akaniambia toa mashine. Mara mbili aliniambia: toa mashine, Vene. Nikaibeba. Tukatoka dirishani, mimi mbele. Kulikuwa na nguzo ya uzio, nikaikumbatia kwa miguu. Yeye maji yakamchukua, nikamdaka."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Na wa kushoto?"

"Mashine."

Magari mawili yaliingia, hakuna aliyeyaelekeza.

"Ukaachia upi?"

"Sikuchagua. Wallahi, mzee, sikukaa nikachagua. Mkono wenyewe ulichagua."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikuwa anavuta pumzi."

Ambokile aliandika saa, mahali, nguzo, dirisha. Aliandika kwa herufi ndogo, kama alivyoandika maelezo ya mashahidi kule Mbeya, na alipomaliza alimsomea. Vénérand alitikisa kichwa kukubali kila mstari.

"Miaka mitatu ulimwacha yule mama," Ambokile alisema.

"Sina karatasi, mzee. Nikienda polisi nasema nini? Nilikuwepo, nikamwachia? Na kwake ningeingiaje? Nikaanza na muziki. Nilikausha utepe kwa wiki nne. Nikapiga magitaa upya. Ule wimbo wa mwisho haukuwa na sauti, nikachukua yake ya zamani nikaivuta. Maneno nikaandika mimi, ya kweli yote. Nikasema nakala ya kwanza iende kwa mama, atasoma, ataelewa."

"Ataelewaje, na chini umeandika Alain?"

"Albamu ni yake! Ningeandika langu? Marehemu akitungiwa kazi, jina linakaa lake. Ndiyo heshima."

"Heshima." Ambokile alifunga daftari. "Umeungama dhambi yako, kisha ungamo umelitia kinywani mwa uliyemwachia. Yule mama amesoma 'nikaachia mkono', anadhani mwanawe ndiye aliyeachia mtu. Anadhani yuko hai, amejificha kwa aibu. Kesho wanamaliza matanga Bujumbura, naye anawazuia. Simama."

"Mzee, nitakwenda mwenyewe. Kesho asubuhi."

"Kesho watakuwa wanasubiri mtu aseme alivyokufa, na mtu huyo ni wewe tu duniani. Vua hicho kizibao."

*

Chumba cha Libérate kilikuwa juu ya duka la vitambaa, Overport. Cherehani ilikuwa imesogezwa ukutani, meza imefutwa. Simu iliegemezwa kwenye glasi, sauti imefunguliwa. Kutoka Bujumbura zilisikika sufuria, watoto, na mzee mmoja akikohoa: Ndikumana, shemeji yake.

"Shemeji, wamefika," Libérate aliiambia simu. "Usikate."

"Nasubiri, Mama Alain," Ndikumana alisema. "Lakini ujue pombe ya urwarwa imekwisha kuiva, na watu wa Gitega wako njiani. Mwenye kunyoa nimemwambia saa mbili."

Libérate alimwona aliyesimama nyuma ya Ambokile.

"Vene! Weye! Miaka mitatu hata salamu, ulinitupa kama kitambaa kibovu. Ingia. Kaa. Nikuletee maharagwe."

"Nimeshiba, mama."

"Mwongo. Mlinda magari hashibi."

"Mama Alain," Ambokile alisema, "kaa wewe kwanza."

"Sikai. Sema."

"Nimefika mwisho wa kazi yako. Atakayesema ni huyu. Alikuwa naye."

Libérate alivuka chumba kwa hatua mbili. Aliishika mikono ya Vénérand, yote miwili, akaibana kifuani pake. Alikuwa mfupi, ilibidi kijana ainamishe uso.

"Ulimuona? Mwanangu ulimuona?"

"Nilimuona, mama."

"Lini?"

Vénérand alijaribu kuvuta mikono, Libérate hakuiachia.

"Mwezi wa pili," Vénérand alisema. "Cape Town."

"Vénérand," Ambokile alisema.

"Yuko Cape Town, mama. Anaona aibu. Ndiyo maana hapigi simu."

Libérate alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeguswa na maji baridi. "Nilijua. Ule mkono. Nilisoma nikasema, huyu mtoto kuna mutu alimuachia, moyo unamukula. Imana ishimwe. Mungu asifiwe!"

"Mama Alain, nisikilize." Ambokile alifungua daftari. "Huyu ameniambia saa sita mchana leo, na nimemsomea akakubali. Alain alisombwa na mto Umgeni. Huyu alimshika mkono, akamwachia. Yale maneno ni yake, ameyaandika yeye. Sauti unayoisikia ni ya kabla ya mafuriko, imepunguzwa mwendo. Nimeipima. Kikohozi ni kilekile. Mwanao hayuko Cape Town. Cape Town ni sanduku la posta."

Alisema yote kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka. Libérate alimsikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akamgeukia Vénérand.

"Ulisema vile?"

Vénérand alitazama sakafu. "Alinibana, mama. Ni polisi. Nilisema alichotaka."

"Kijana," Ambokile alisema, "hili hutaliweza. Mwezi ujao atakuuliza namba ya simu. Mwaka ujao atapanda basi amfuate."

"Mzee Ambokile," Libérate alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya kumuaga mgeni. "Nilikutuma utafute mwanangu. Weye umehesabu maneno, umepima kikohozi. Umechoka, naona. Huyu alimuona kwa macho. Asante kwa kazi. Imekwisha."

"Nani atasimama kesho kule, Mama Alain? Watasema alikufaje?"

"Hawatasema kitu." Aliinamia simu. "Shemeji. Msinyoe mutu."

"Mama Alain, watu wa Gitega..."

"Wape chakula warudi. Msinyoe. Mtoto yuko."

Alikata. Alifungua kabati, akatoa kitambaa cha sufu, kijivu, kizito, akakitikisa hadi vumbi likaruka kwenye mwanga wa dirisha. Alianza kusema haraka, bila kumtazama mtu: Cape Town mwezi huu ni baridi, upepo wa kule unaingia kwenye mifupa, yule mtoto tangu udogo kifua chake kibovu, koti atalishona usiku wa leo na kesho, Vene atalipeleka.

"Geuka," alimwambia Vénérand.

Vénérand aligeuka, uso ukutani. Ambokile alikuwa mlangoni, daftari bado liko wazi mkononi. Alimtazama kijana, akamngojea. Libérate alinyoosha futi ya ushonaji kutoka bega hadi bega, akabana vidole viwili mahali palipoishia.

"Mlikuwa munavaliana mashati. Bado mabega ni yaleyale?"

Cherehani, kitambaa, chaki. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Amekonda kidogo, mama," Vénérand alisema.

Libérate alipunguza nusu inchi, akaiandika.